Upande wa Kuke

Kiswahili cha zamani kina majina mawili kwa kila mkono. Wa kulia ni wa kuume, wa kushoto ni wa kuke. Hilo nililikuta kwenye kamusi, siyo nyumbani. Nyumbani Masukulu tunaongea Kinyakyusa kwanza. Lakini likizo hii, nikiwa nimeikimbia tasnifu yangu ya uzamili kwa wiki tatu, nimeliona neno lenyewe likiishi: karibu kila mwanamke anayepakata mtoto humlaza upande wa kuke.

Mchana kutwa mtoto yuko mgongoni, amefungwa kitenge, na mgongo hauna kushoto wala kulia. Ni akishushwa, mama akikaa barazani kukwepa mvua ya Rungwe (ambayo haina ratiba), ndipo mkono unapochagua.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Salk, alitoa hesabu ya akina mama 287. Kati ya wanaotumia mkono wa kulia, asilimia 83 walipakata kushoto. Rahisi, utasema: mkono wa kulia unabaki huru kukoroga uji. Sasa njoo kwa wenye mashoto: nao asilimia 78 walipakata kushoto. Salk aliamini ni mapigo ya moyo. Watafiti wa baadaye wanaelekea kwenye ubongo: nusu yake ya kulia, inayosoma zaidi hisia usoni, ndiyo hupokea kinachoonekana upande wa kushoto. Mimi naupenda moyo zaidi, ingawa ubongo una ushahidi mzito.

Utafiti mwingine, wa Uingereza, ulitoka 2009: akina mama wenye msongo walielekea zaidi kupakata kulia. Huo ndio ulioninyima raha, maana dada yangu humpakata mwanawe kulia.

Ana wiki sita tangu ajifungue. Nilitafuta sababu nyingine: labda bega, labda titi limejaa. Kupakata kulia si ugonjwa, wako wengi wenye furaha wanaofanya hivyo, na takwimu za kundi hazimsemei mtu mmoja. Lakini nilikuwa nimeona pia chakula kinachobaki kwenye sahani yake, na jinsi anavyoitazama migomba wakati mtoto ananyonya.

Kwetu salamu ni "Ugonile?", yaani umelala? Jibu lake linajulikana, watu hulitoa wakiwa wameshapishana. Jumanne nilikaa kando yake nikamsalimia hivyo, kisha nikanyamaza, kama mtu anayesubiri jibu la kweli.

"Sijalala, mdogo wangu," alisema. "Tangu azaliwe."

Akaongea mpaka mvua ikakatika. Mengine ni yake, siyaandiki. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza amesimama, bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akampokea mtoto.

"Kalale," alimwambia dada. "Kesho kliniki tunakwenda wote."

Nikaenda kuutazama ugali uliokuwa unaungua.