Wafu wa Longbourn

Kitabu cha Jane Austen, Pride and Prejudice, kilichotolewa mwaka 1813, nilikipenda tangu ujana wangu. Kwa hiyo filamu ya Burr Steers ya mwaka 2016, iliyotokana na riwaya ya Seth Grahame-Smith ya mwaka 2009, niliichukia kabla sijaiona. Humo wafu hufufuka wakala ubongo wa walio hai, na mabinti wa Bennet, waliojifunza vita China, huficha visu chini ya magauni. Niliona ni utovu wa heshima kwa kazi njema.

Binti yangu alinisihi, tukaitazama pamoja. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Darcy alipomposa Elizabeth, maneno yaligeuka mapigo. Nikaiona wazi hasira ambayo kitabuni imevikwa adabu.

Hapo nilitambua kuwa hata kitabuni wafu hawakulala. Nyumba ya Longbourn imefungwa kwa hati ya urithi wa kiume: baba akifa, mabinti watano hawana chao, na binamu yao Collins ndiye mrithi. Hati hiyo ni neno la wazee waliozikwa, nalo lawala wasichana walio hai.

Mama yangu naye alitolewa nyumbani kabla ya arobaini ya baba, kwa desturi ya namna hiyo. Walakini kwa miaka mingi nilikifundisha kitabu kile kama hadithi ya ndoa tu. Ulihitajika upanga mkononi mwa Elizabeth ili nijue kwamba alikuwa vitani tangu ukurasa wa kwanza.