Likizo ya Juni na Walimu Wake

Lushoto mwezi wa Juni ni baridi. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba ukalala barabarani hadi saa nne asubuhi, na watoto wakishafunga shule hupelekwa shambani kung'oa maharage au kuchunga mbuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hiyo ndiyo ilikuwa likizo yetu, mpaka siku moja ya kufunga shule mwalimu wetu wa sayansi alipotutangazia mstarini kwamba anayetaka kurudi darasani wiki inayofuata arudi. Hakutakuwa na mtihani wala viboko. Ada ya kuingia ni swali moja, na liwe swali ambalo mwenye kuliuliza hajui jibu lake.

Mwalimu huyo alikuwa wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana wa leo huenda hawajui uzito wa maneno hayo. Azimio la Musoma la 1974 liliitaka nchi impatie kila mtoto elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha hata kidogo, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini, huku wakifundisha na huku wakifundishwa. Watu wakawabandika jina la Ualimu Pasipo Elimu, nao walilisikia kila siku, hata midomoni mwa wazazi. Mwalimu aliyenifungua macho alitoka katika kundi hilo lililodharauliwa. Tangu hapo nimekaa mbele ya wahadhiri wenye shahada tatu, na bado yeye ndiye kipimo changu.

Tulikuja kama darasa moja hivi, wengine kwa hamu, wengine kwa kuchoka na mbuzi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini nchi ilikuwa taabani: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, chaki hakuna kabisa. Mwalimu aliandika kwa makaa juu ya mbao zilizorandwa. Alasiri, ukungu ukishaondoka, alituchukua nyuma ya ofisi ulipokuwa mkaratusi mrefu kuliko kitu chochote kijijini, akachomeka ardhini fimbo ya mita moja na kutuambia tungoje. Tulingoja hadi kivuli cha fimbo kikawa sawa na fimbo yenyewe. Hapo akaturuhusu tukimbie kupima kivuli cha mkaratusi kwa kamba. Hakuna aliyepanda mti, na urefu wake tuliupata. Nakumbuka wavulana wawili wakirudia kipimo hicho kwa mnara wa kanisa, kwa nguzo ya simu, kwa kila kilichosimama wima, hadi giza likaingia.

Lakini swali lililotushika likizo nzima lilikuwa la msichana mmoja wa darasa la sita. Shangazi yake alikuwa akikaa Mombo, chini ya mlima, naye msichana alikuwa ameona jambo ambalo watu wazima waliolipitia kabla yake hawakuliona. Maharage yaleyale, yaliyotoka shamba lilelile, yalikuwa yanaiva Mombo mapema kuliko kwao Lushoto. Kwa nini? Mmoja wetu alisema ni kuni. Mwingine akasema ni maji ya Mombo. Mwalimu alisema, bila aibu, kwamba hajui, na kwamba kazi yetu sote sasa ni kujua.

Aliazima kipimajoto katika shule ya sekondari. Tulichemsha maji kwenye sufuria, na zebaki ikasimama kwenye nyuzi 95 na kidogo, ikagoma kupanda hata tulipoongeza kuni. Kitabu chake kilisema maji huchemka kwa nyuzi 100. Basi yeye na yule msichana, kwa idhini ya baba yake, walipanda lori la mboga lililokuwa likielekea Dar es Salaam, wakateremka zaidi ya kilomita 30 za kona hadi Mombo, wakachemsha maji kwa shangazi. Huko zebaki ilivuka nyuzi 98. Waliporudi, Mwalimu alitueleza kidogokidogo, akituacha tumalizie wenyewe: juu mlimani hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharage yaliyomo yanapikwa kwa moto pungufu hata kama sufuria inatokota. Msichana yule alisimama mbele yetu akasoma vipimo vyake viwili. Sijaona tena uso wa mtoto ukiwa na fahari ya namna ile.

Ilikuwa katika likizo hiyo Mwalimu alipotusimulia habari za Erasto Mpemba, ambaye alisoma katika sekondari ya Magamba, kilomita chache kutoka tulipoketi. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Nafasi kwenye friza ilikuwa haba, hivyo akaweka mchanganyiko wake ungali moto, bila kungoja upoe. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na kitendawili chake kikageuzwa dhihaka ya darasa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo linaloitwa kwa jina la kijana yule, wengine wakitilia shaka kama lipo kweli, na ubishi wenyewe ni heshima kubwa kwa swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Mwaka uliofuata msichana wa maharage alifanya mtihani wa darasa la saba. Hakuchaguliwa. Siku hizo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtihani ule haukuwa na swali hata moja ambalo jibu lake halikuwa kwenye kitabu. Mimi nilichaguliwa, nikapelekwa katika moja ya shule ambazo leo tunaziita za vipaji maalumu, zile za akina Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora mbili, ya wavulana na ya wasichana. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri, basi. Yeye alikuwa na kipaji. Nimefundisha sayansi sehemu kubwa ya maisha yangu na nasema hivyo kwa uhakika: kati ya watoto waliokaa kwenye madawati yale, aliyepaswa kwenda ni yeye.

Nilipokuwa chuoni nilisoma kwamba mwaka uleule wa 1963, Mpemba alipokuwa akihangaika na maziwa yake, Andrei Kolmogorov, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikuwa akianzisha mjini Moscow shule ya bweni ya hisabati na fizikia kwa watoto wenye vipaji. Mtu wa hadhi yake alikuwa akitembea na watoto hao msituni, akiwasikilizisha muziki, akiwasomea mashairi. Nikasoma pia kwamba Marekani, Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianza mwaka 1971 kuwatafuta watoto wenye akili ya hisabati kwa kuwapa mtihani uliotungwa kwa ajili ya vijana wakubwa wanaoomba kuingia vyuo vikuu. Darasa lake la kwanza lilianza Juni 1972, kila Jumamosi, chini ya mwalimu aitwaye Joseph Wolfson, na watoto wa takribani miaka 12 wakamaliza hisabati ya miaka kadhaa kwa muda uliozidi mwaka kidogo tu. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa mwaka 1979 kituo ambacho hadi leo huendesha kozi za wiki tatu za kiangazi. Hoja ya Stanley naikubali nusu. Ni kweli mtihani wa kawaida hauonyeshi urefu wa mtoto aliyekwisha kuupita. Lakini mtihani mgumu zaidi nao ni mtihani, na kozi hizo hutoza maelfu ya dola, hata kama zipo nafasi za ufadhili. Kilichonigusa katika habari zote mbili ni kwamba mtu mzima anayejua kazi yake alikubali kutoa likizo au Jumamosi zake kwa ajili ya watoto.

Nilirudi Tanga kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na likizo niliyoijua haikuwapo tena. Mishahara ya walimu haikufika katikati ya mwezi. Tuisheni, ambayo zamani ilikuwa msaada kwa mtoto aliyebaki nyuma, ikawa chakula cha nyumba ya mwalimu, na sina neno la kuwalaumu wenzangu kwa hilo. Dar es Salaam, Mchikichini ikawa jina linalotajwa na wanafunzi wa nchi nzima. Vijana walijaa madarasani hadi madirishani, kila mmoja na pamfleti yake, wakikokotoa pasti pepa za miaka kumi nyuma. Mtoto aliyemaliza darasa la saba Septemba akapelekwa moja kwa moja pre-fomu wani hadi Januari. Likizo za Juni na Desemba zikageuka kambi za kitaaluma kwa madarasa ya mitihani: godoro, gunia la mahindi, maharage, na ratiba inayoanza alfajiri na kwisha usiku. Wapo waliofaulu kwa kambi hizo ambao vinginevyo wangefeli, na mzazi wa mtoto huyo hawezi kuzisema vibaya. Lakini niliwaona watoto wakirudi Julai wamechoka kuliko walivyofunga, na ukiwauliza wanataka kujua nini, wanakuuliza kama hilo litatoka kwenye mtihani. Majirani zetu Kenya walifika mahali pa kuipiga marufuku tuisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Jambo moja lilikuwa likiniuma kila Juni. Mwezi huo nchi huwakusanya watoto wenye vipaji vya miguu. Ni michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari: mabasi, jezi, posho, walimu wa michezo wanaolala kambini na vijana wao. Hakuna anayesema kumwita mwanariadha bora wa wilaya ni kuwabagua wasiojua kukimbia. Mtoto anayekesha akiwaza kwa nini popo hagongi ukuta gizani, huyo hakuwa na basi la kumfuata.

Mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu yalianza na Wanasayansi Chipukizi Tanzania, mpango ulioanzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa mfano wa maonesho ya wanafunzi wa Ireland, ambayo yana historia tangu 1965. Maonesho ya kwanza yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Mwanafunzi haji na majibu ya kitabu. Huja na utafiti wake, ameuanza kwa swali la kijijini kwake, akasimama mbele ya ubao wake na kuwajibu watu wazima wasiomfahamu. Mwaka huohuo wa 2011 Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, kilipokea vijana kwa kambi ya hisabati ya Agosti, likizo ambayo kwa wengi ilikuwa ya tuisheni tu, wakacheza, wakavunja mafumbo ya siri, wakapima na kukisia.

Niliposikia hayo niliomba ufunguo wa maabara ya shule yetu ya kata, nikawaita wanafunzi wiki mbili za Juni. Sikuangalia ripoti zao za muhula. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye daftari lake lilijaa wino mwekundu, alitaka kujua kwa nini bibi yake huchanganya maharage ya mbegu na majivu na fukusi hawayagusi. Aliweka chupa tatu: moja maharage matupu, moja yenye majivu, moja yenye majani makavu ya mwarobaini yaliyotwangwa. Akaweka fukusi idadi sawa katika kila chupa, akawahesabu wazima na wafu kila asubuhi, akiandika kwa penseli. Kwa kioo cha kukuzia aliona majivu yamejaa kati ya punje, mdudu hana pa kupenya. Nilimpa kitabu, akasoma mwenyewe kwamba vumbi kavu hukwangua nta inayofunika ngozi ya mdudu, naye hupoteza maji hadi akakauka. Akaniambia, "Mwalimu, kumbe Bibi alikuwa sahihi, ila hakujua kwa nini." Alama zake za darasani hazikupanda sana muhula ule. Kilichobadilika ni kwamba walimu wenzangu walianza kumsikiliza, na mwaka uliofuata watatu kati yao walikuja wenyewe kuomba kufundisha katika wiki zile, kila mmoja na somo analolipenda.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi hii inaanzia wapi. Watoto wapo, kila kata, na hawahitaji kutafutwa kwa mtihani mwingine. Kinachokosekana ni mwalimu aliyepewa nafasi ya kusema "sijui" mbele ya darasa bila kuogopa mkaguzi, bila kuwaza nauli ya kurudi nyumbani. Fedha zinazohitajika ni kidogo kuliko za jezi za timu moja ya wilaya.

Kwa hiyo naomba, nikiwa nimestaafu na sina cha kujitafutia. Wakuu wa shule, maofisa elimu wa halmashauri, na ninyi wazazi mnaolipia tuisheni: kambi ya mtihani iacheni kwa madarasa ya mtihani, na madarasa mengine yapumzisheni. Katika kila kata mchagueni mwalimu mmoja anayependa somo lake, awe na shahada au asiwe nayo. Mpeni chumba kimoja kwa wiki mbili za Juni, posho inayolingana na ya mwalimu wa michezo, na uhuru wa kutofuata muhtasari. Watoto wenye hamu watakuja wenyewe.