Mwandike dereva

Kambi ya wakimbizi ya Mantapala, Nchelenge

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako hajambo, mihogo imekubali, na hadithi yako imenifikia salama. Nimeisoma mara mbili. Kumtia msomaji hofu unakujua, hilo sina shaka nalo. Ila mpelelezi wako yuko katika jiji lisilo na jina, maiti inaokotwa hotelini, mwishowe muuaji anatiwa pingu na watu wanarudi kulala. Nakuomba uandike nyingine.

Najua umenyonya wapi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitutolea *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na tangu hapo mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake wametufundisha sote jinsi ya kufuata nyayo. Akaja Katalambulla na *Simu ya Kifo* mwaka 1965, kisha Musiba na Willy Gamba wake, shujaa anayetumwa na serikali. Vitabu hivyo navipenda mpaka leo. Lakini vinaamini kwamba ukweli ukishafichuka, haki iko njiani. Sisi tuliotoka ng'ambo ya Ziwa Mweru tunaijua Kilwa, na anayeijua Kilwa hawezi kuandika kwa imani hiyo.

Kilwa yetu naisema, bandari ya Katanga, Kongo. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini, na watu wengi wakakimbilia ziwani, wakavuka kuja upande huu wa Zambia, kama tulivyovuka sisi mwaka 2017. Siku iliyofuata jeshi la serikali lilikuja kuuchukua tena mji: brigedi ya 62, kutoka Pweto kwetu. Mapigano hayakuchukua muda mrefu. Yaliyofuata ndiyo yaliyoua. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walipata kwamba watu zaidi ya 70 walikufa, na kati yao angalau 28 waliuawa wakiwa tayari mikononi mwa askari.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo pana hadithi. Kilomita kama 50 kutoka Kilwa kulikuwa na mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha, chini ya kampuni ya Anvil Mining. Madini yake yalipitia bandari ile ile, yakavuka ziwa. Mji ukifungwa, mgodi nao umefungwa. Askari waliletwa kutoka Pweto kwa ndege zilizokodiwa na kampuni. Magari ya kampuni yaliwazungusha mjini, na wachunguzi waliandika kwamba yalibeba pia mali iliyoporwa na maiti. Kampuni ilijibu kuwa jeshi liliyachukua kwa amri na yenyewe haikuwa na uwezo wa kukataa.

Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi Lubumbashi. Juni 2007 majaji walisema watu wale walikufa vitani. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya Kilwa, na watu watatu waliokuwa wakiifanyia kazi kampuni waliachiliwa. Jamaa za marehemu wakaenda hadi Kanada kuishtaki kampuni. Mwaka 2012 milango ya mahakama za huko ikafungwa pia. Ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyowasikiliza: mwaka 2016 iliamua kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za watu wale, na iwalipe waathirika wanane ambao shauri lililetwa kwa niaba yao, pamoja na familia zao, dola milioni 2.5. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita.

Nani aliua, Kilwa walijua tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo usimpoteze msomaji kwa swali hilo. Mwandike dereva. Mbuni mwenyewe, na kampuni yake iwe ya kubuni. Kijana ana mke, ana mshahara unaolisha ukoo mzima. Asubuhi bosi anamwambia akabidhi ufunguo wa gari kwa askari. Jioni gari linarudi, naye anaambiwa alioshe. Anachota maji ziwani, ndoo kwa ndoo, na anaona kinachotoka. Mwisho wa mwezi anapanga foleni ya malipo kama kawaida. Miaka mitatu baadaye anaitwa kortini: atasema nini, na akirudi nyumbani atakula wapi? Mfuate huyo. Karani aliyeandika lita za mafuta daftarini naye ana hadithi yake. Mpelelezi wako aende kwenye daftari lile kabla ya kwenda kaburini.

Kulikuwa na Mwargentina, Rodolfo Walsh, aliyekuwa akiandika hadithi fupi za upelelezi kama zako. Mwaka 1956 alisikia kwamba mmoja wa raia waliopigwa risasi jalalani usiku mmoja wa Juni mwaka ule yuko hai. Akamtafuta, akawapata na wengine walionusurika, na mwaka 1957 akatoa *Operación Masacre*. Ufundi wa hadithi za kubuni aliutia katika jambo la kweli. Mwaka 1977 askari wa utawala wa kijeshi walimuua. Sikutishi, mpwa wangu. Nataka ujue kazi hii wengine wameibeba kwa uzito gani.

Ukija likizo nitakupeleka kwa wazee wawili watatu waliokuwa Kilwa. Usiende na kalamu siku ya kwanza. Kaa nao, kula nao bukari na samaki, wacha wao waanze. Atakayekataa kusema, muage kwa heshima na usimrudie. Majina yao yasionekane popote, wala kijiji, wala kovu ambalo jirani analijua. Sehemu zinazowahusu uwasomee wenyewe kabla hujatuma kwa mhariri yeyote, na wakikwambia futa, ufute.

Nimeomba kibali cha kutoka kambini nije Lusaka mwezi ujao. Nikifika nataka nisome ile sehemu ya dereva kortini, hata kama bado ni rasimu.

Mjomba wako