Kolwezi: Mali Iko Chini, Kisima Kiko Wapi?



Nikitoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, nilipishana na malori mengi yakielekea mpaka wa Kasumbalesa. Mengine hubeba kobalti, ya kutengenezea betri za simu na za motokari za umeme. Nchi za mbali zinanunua motokari hizo ili hewa yao iwe safi.

Kolwezi kwenyewe, katika mtaa wa Kasulo, kuanzia 2014 watu walichimba hata ndani ya lupango, chini ya nyumba zao. Nje ya mji nilimkuta mama mmoja akiosha mawe mtoni, mtoto mgongoni. Maji yalikuwa mekundu.

Nilimweleza kwamba sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema hivi: katika kila faranga 100 ambazo kampuni inalipa serikali kwa madini iliyouza, 15 ni za komini au sekta yanapochimbwa, na 10 zinawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Mwalimu, katika hizo 15, kisima chetu kimo?”

Wamama, swali hilo tulipeleke kwa burugumesta, tena tukiwa wengi.