Kiki nyepesi? Usikimbilie kununua ringi

Wadau, hii ya Mbesa lazima niwape. Pikipiki yangu kiki ikawa nyepesi, kilima haipandi. Fundi wa kwanza akataka hela ya pistoni na ringi, na jioni bosi anasubiri hesabu yake. Mzee mmoja akasema, "Mjukuu wangu, tupime kwanza." Akadondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi: kiki ikiwa nzito, ringi zimekwisha. Ikabaki nyepesi, ina maana valvu hazifungi. Injini za CG125 zinasukuma valvu kwa vijiti, sio cheni. Akasubiri ipoe, akapandisha pistoni juu kabisa kwenye mkandamizo, akalegeza tapeti zilizobana, akaacha nafasi ya milimita 0.08. Kompresheni ikarudi palepale! Spea zinauzwa kila siku jamani, pimeni kwanza.