Nasaba ya Ng'ombe Chotara

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii hutajwa sana madukani, ambako mwenye kuuza sukari na chumvi huandika deni na malipo. Zizini haisikiki mara nyingi. Hata hivyo, msomaji wangu, naona kwamba zizi lina haja ya daftari kuliko duka. Gunia la sukari halizai gunia jingine. Lakini ng'ombe huzaa, na mtoto wake huzaa, na baada ya miaka michache hapana ajuaye kwa yakini nani ni mzazi wa nani. Nataka tulitazame pamoja daftari la nasaba za wanyama, na hasa nafasi limpayo mnyama wa damu mbili, yule tuliyezoea kumwita chotara.

Nimelelewa Nyansiongo, katika nchi ya Borabu, mahali pa baridi na mashamba ya chai, karibu na mpaka wa Wagusii na Wakipsigis wa Sotik. Kabla ya uhuru ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, uliyagawa mengi ya mashamba ya namna hiyo, na jamaa nyingi za Wagusii zikahamia Borabu. Kwa wahamiaji wengi ng'ombe wa maziwa wa gredi alikuwa sehemu ya maisha mapya, kama ua na mtaro. Basi katika malisho walikutana ng'ombe wa aina mbili: zebu mwenye nundu, mdogo wa mwili, mvumilivu wa njaa na kupe, na ng'ombe wa asili ya Ulaya, mkubwa wa kiwele, mwepesi wa kuugua. Damu zao zikachanganyika, na chotara akawa ng'ombe wa kila boma.

Usidhani kwamba wazee wetu hawakujua nasaba ya mifugo. Ng'ombe wa mahari alikuwa na historia yake. Mzee aliweza kumnyoshea fimbo na kusema kwamba huyu ni mjukuu wa yule mwekundu aliyeletwa siku ya kuolewa shangazi. Lakini elimu ile ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ilikaa kichwani, na kichwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Pili, aghalabu ilifuata upande wa mama. Fahali aliyepita malishoni hakuulizwa jina. Ng'ombe alikuwa na bibi, lakini hakuwa na babu.

Daftari la nasaba huja kutibu kasoro hizo. Katika nchi yetu lilianzishwa mwaka 1920, likiitwa Daftari la Nasaba la Afrika ya Mashariki, nalo ndilo lililogeuka kuwa Daftari la Nasaba la Kenya. Jambo la ajabu ndani yake ni kwamba mlango wake haukufungwa kwa chotara. Lina ngazi yenye vipandio vinne, ambavyo kwa Kiswahili twaweza kuviita Msingi, Kati, Nyongeza, na Nasaba Kamili. Ng'ombe jike ambaye wazazi wake hawajulikani, lakini umbo lake lakubalika, huweza kuandikwa katika Msingi. Akipandishwa kwa mbegu ya fahali wa nasaba kamili, binti yake hupanda kipandio cha pili. Na binti wa binti hupanda cha tatu. Na kitukuu huweza kuhesabiwa kuwa wa nasaba kamili. Hesabu yake ni nyepesi. Katika kila uzao damu ya kienyeji hupungua kwa nusu: kama bibi alikuwa wa kienyeji mtupu, binti ana nusu yake, mjukuu ana robo, na kitukuu ana thumni.

Ili uione thamani ya mlango ulio wazi, utazame mlango uliofungwa. Daftari mashuhuri kuliko yote ulimwenguni ni la farasi wa mbio wa Uingereza, lililoanza mwaka 1791. Farasi hao hutoa nasaba yao ya kiume kwa madume watatu walioletwa kutoka nchi za mashariki, wakapandishwa kwa majike waliokuwako Uingereza. Kwa hiyo hao wanaosifiwa kwa usafi wa damu walianza wakiwa chotara. Lakini mwaka 1913 watunzaji wa daftari walitoa amri, iliyojulikana kwa jina la Lord Jersey, kwamba farasi asiandikwe tena ila awe na wazee walioandikwa wote katika vitabu vya awali. Farasi wengi wa Marekani wakafungiwa nje. Mwaka uliofuata, 1914, farasi aitwaye Durbar, aliyezaliwa Ufaransa na mwenye damu ya Marekani, alishinda mbio za Derby huko Epsom. Miguu yake ilimtangaza kuwa bingwa, na kitabu kikamwita chotara. Amri ile ililegezwa mwaka 1949, baada ya miaka 36. Wakati wote huo kitabu kilibishana na uwanja, na uwanja ndio uliosema kweli.

Kwetu hatuna mbio za farasi, lakini tuna soko la mitamba. Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, mweusi mwenye mabaka meupe. Kila mpandishaji alipokuja na mtungi wake wa baridi kali, aliacha karatasi ndogo iliyoandikwa tarehe, jina la fahali na namba yake. Katika nyumba nyingi karatasi hizo ziliwashia moto. Mama aliziweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, akamwandikisha ng'ombe wake katika Msingi, na ndama alipozaliwa akamvisha hereni yenye namba. Baba mdogo alimcheka.

"Shemeji," alimwambia, "ng'ombe hasomi. Karatasi hizo ni za nini?"

"Ng'ombe hasomi," mama alijibu, "lakini mnunuzi asoma."

Ilipita miaka mitatu. Dada yangu alikuwa ameitwa shule ya bweni, na karo haikuwako. Mama akaazimia kuuza mtamba wake, na baba mdogo akaazimia kuuza wake. Mitamba hiyo miwili ilitokana na mbegu ya fahali mmoja, ilizaliwa katika mwezi mmoja, na umbo lao lilikaribiana hata mgeni aliweza kuwakosea. Mnunuzi mmoja alikuja kutoka mbali. Alisoma karatasi za mama, akalinganisha namba na hereni, akatoa bei aliyotajiwa. Alipofika kwa baba mdogo alimzunguka mtamba mara mbili, kisha akasema, "Huyu naweza kumwamini kwa macho tu, na macho hayaoni baba." Akatoa bei ndogo. Tofauti ya bei zile mbili ilitosha kumweka dada yangu shuleni muhula mzima.

Baba mdogo alinung'unika kwamba ameonewa, nami sikuweza kumwambia kwamba ananung'unika bure. Mtamba wake alikuwa na damu ile ile. Alikuwa na haki, lakini hakuwa na shahidi. Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya daftari. Daftari haliongezi tone la maziwa katika kiwele. Huongeza shahidi katika madai. Tena ushahidi huo hauhusu bei peke yake. Kituo cha Kabete kilianza kusambaza mbegu za mafahali tangu mwaka 1946, na mbegu ya fahali mmoja huweza kufika katika maboma mengi na kwa miaka mingi. Asiyeandika huweza kumpandisha binti kwa mbegu ya baba yake bila kujua, na ndama dhaifu wakizaliwa atalaumu malisho au jicho la jirani.

Lakini, msomaji wangu, kila ngazi ina hatari yake. Ngazi hii huelekea upande mmoja tu, juu, na mwenye kuipanda huweza kudhani kwamba kipandio cha mwisho ndicho bora kwa kila mtu. Sivyo. Ng'ombe wa nasaba kamili hudai majani mengi, maji mengi, na ulinzi wa kila siku juu ya kupe waletao ndigana. Mashamba ya Borabu yaliyokuwa mapana siku za wahamiaji yamegawiwa watoto na wajukuu. Katika kipande kidogo cha ardhi, chotara aliye katikati ya ngazi mara nyingi hudumu zaidi kuliko kitukuu chake mwenye cheti kizuri: hutoa maziwa ya kutosha, naye hachukui ile nguvu ya bibi yake zebu kuwa aibu ya kufichwa. "Mwacha asili ni mtumwa," walisema wazee, na neno hilo lafaa zizini pia.

Kwa hiyo siwashauri watu waandikishe chotara ili siku moja asiwe chotara. Nawashauri wamwandikishe ili ajulikane alivyo: damu hii kutoka huku, na damu hii kutoka kule, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu anayejua hayo huweza kuchagua kupanda kipandio kingine au kutulia hapo alipo. Asiyejua hana la kuchagua, hubahatisha.

Nawe ukiwa na ng'ombe mmoja tu nyumbani kwenu, usingoje mpaka awe na hereni. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa. Andika jina la ng'ombe, siku aliyopandishwa, jina na namba ya fahali, siku aliyozaa, na maziwa aliyotoa asubuhi na jioni. Andika kweli, hata pale maziwa yalipopungua. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kufunga mlango wa zizi, na faida yake yaweza kumfikia mtu ambaye bado hajazaliwa.