Kitabu Kilichovuliwa Gazeti

Kitabu changu cha kwanza kuhusu watu waliobadili jinsia nilikinunua kwa kuinama. Mtu wa Nairobi anaelewa: vitabu vya mitumba vimetandazwa kwenye gunia kando ya njia, nawe unainama kuchagua. Kilikuwa Conundrum cha Jan Morris, yule mwanahabari aliyeutangazia ulimwengu mwaka 1953 kwamba Everest imepandwa, na mwaka 1972 akaenda Casablanca kufanyiwa upasuaji, akarudi mwanamke. Nilikivalisha gazeti kama daftari la shule, nikawa nakisoma kwenye treni. Stesheni yetu ya Syokimau ilikuwa imefunguliwa Novemba 2012 na bado tulikuwa tukiionea fahari. Syokimau mwenyewe, mtabiri wa Wakamba aliyekipa kitongoji hiki jina, husimuliwa kuwa aliiona reli ikija kama nyoka mrefu. Kama aliniona na mimi tumboni mwa huyo nyoka, nimekumbatia kitabu kilichofichwa, hakusema.

Morris alinipendeza, ila nilimsoma kama ninavyotazama theluji kwenye kalenda.

Kisha nikapata Queer African Reader, mkusanyiko uliotoka mwaka 2013, na ndani yake insha ya Audrey Mbugua. Mkenya! Insha yenyewe ina hasira. Inawauliza hata wanaharakati kama wanawakomboa watu waliobadili jinsia au wanawatawala. Hicho nacho nikakivalisha gazeti.

Oktoba 2014 jina lile lile likasomwa kwenye redio, Mama akiwa anachambua ndengu. Mahakama Kuu ilikuwa imeliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey cheti cha KCSE chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Nilingoja Mama akemee. Akauliza, "Sasa miaka yote hiyo, bila cheti, alikuwa anaandikwa kazi na nani?" Mama alinilipia karo kwa kuuza maembe, cheti kwake si karatasi.

Jioni hiyo nikaanza kumsimulia vitabu vyangu, kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kikamba. Hapo ndipo nilipogundua jambo. Ile "he" na "she" inayowatoa jasho waandishi wa Kiingereza, mimi sikuwa na pa kuiweka. Alizaliwa, akasoma, akaumwa, akaenda mahakamani: Mama alifuata kisa hadi mbali bila kuuliza ni mwanamume au mwanamke. Nilikwama kwenye undugu tu. Niseme kaka yao au dada yao?

"Sema mwana," Mama akanisaidia.

Baadaye akaniambia kwamba Susu, yaani nyanya, wa nyumba ya pili, huko Machakos, alioa. Hakuwa na mtoto wa kiume, akatoa mahari, akaleta iweto nyumbani, na watoto wa yule iweto wakawa wa nyumba yake. Niliruka kwa furaha, nikitaka kumpachika Susu katika rafu moja na Morris. Mama akanizuia. Susu hakutaka kuwa mwanamume. Alitaka boma lisizimike. Nadhani Mama yuko sahihi, na wasomi kadhaa wangefaidika kuketi naye kabla ya kuandika. Hata hivyo, tangu siku hiyo sijaweza kumsikiliza kwa utulivu mtu anayesema kwamba mambo ya jinsia yaliletwa na ndege.

Kuvalisha vitabu gazeti sikuacha kwa ushujaa. Jumamosi moja nilirudi nikakuta Mama amelivua gazeti la kile cha pili, anawekea humo maganda ya viazi. Kitabu kilikuwa mezani, jalada wazi, kando ya Biblia, na akina mama wa kanisa walikuwa wameshaketi. Mmoja akakiinua, akakigeuza nyuma na mbele.

"Hiki ni cha nani?"

"Kina yule wa cheti," Mama akasema. "Wewe sukari vijiko vingapi?"